Mimi Si Wakili Wako

Watu waliomjua kikazi walimwita Nukta, na wala hakuchukia. Alikuwa wakili wa hati: mikataba ya pango, wosia, viapo, mauziano ya viwanja. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la kukata vioo, na kutwa nzima sakafu ilitetemeka kidogo kila mashine ya chini ilipowashwa. Karani wake alikuwa amekwisha kuzoea. Karatasi yenye kosa hata la nukta moja ilirudi, ikachapwa upya, na mteja akasubiri kwenye benchi hata kama alikuwa anawahi basi.

"Nukta ikikaa pabaya," alikuwa akisema, "mtu analala nje." Hakuwa anatania. Alishawahi kumwona mtu huyo, na vyombo vyake, barabarani.

Mahakamani alikuwa ameacha kwenda. Miaka ya ujana alimtetea mjane mmoja aliyekuwa na haki yake wazi kama jua, akashindwa na wakili mwenzake ambaye hoja hakuwa nazo ila koo alikuwa nalo. Bwana yule alinguruma, Nukta akakatizwa, akasahau ukurasa, mjane akatoka na nyumba imekwenda. Tangu siku ile akakata shauri kukaa na karatasi, maana karatasi haimkatizi mtu maneno.

Aliyemtoa huko alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa friji. Mtu wa mikono mirefu na vicheko vya karibu, anayeweza kulala chini ya friji ya bucha saa tatu nzima na kutoka anapiga mluzi. Kwa miaka minne shemeji huyu alikuwa mtunza stoo wa Kikosi cha Raia cha Uokoaji. Kikosi chenyewe hakikuwa cha askari. Kilikuwa cha waashi, wauguzi, walimu, kinyozi mmoja na muuza viatu mmoja, waliovaa sare za kijivu kila Alhamisi jioni na kufanya mazoezi katika ua ulio nyuma ya kituo cha zimamoto. Maji yakijaa, mtu akipotea msituni, jengo likiporomoka, zimamoto wakizidiwa waliwaita. Hawakulipwa. Wengine hata viatu walijinunulia.

Nukta aliwajua mwaka wa mafuriko. Ndio waliomshusha mama mkwe wake kutoka juu ya paa. Yeye mwenyewe alikuwa ng'ambo, daraja limezama, akatazama kwa mbali mwanamke wa kilo tisini akiteremshwa kwa kamba, polepole, kama mzigo wa vyombo vya udongo. Alipofika chini, neno la kwanza la mama mkwe lilikuwa kwamba viatu vyake vimebaki juu. Nukta alisimuliwa hilo jioni yake, akacheka huku analia.

Kwa hiyo shemeji alipokuja na ombi, alikuta ardhi imeshalainika.

"Shemeji, kikosi hakina mwanasheria. Aliyekuwepo kahama. Makao makuu wanasema tusipopata afisa sheria, watatukataza kufundisha wanafunzi mashuleni."

"Mimi siwezi kupanda kamba."

"Nani kakwambia upande kamba? Wewe utapanda karatasi."

Kamanda wa kikosi alikuwa mfamasia, mzee mpole aliyeongea polepole kana kwamba kila sentensi ni dozi. Alimsaili Nukta palepale dukani kwake, katikati ya wateja. Aliuliza miaka ya kazi, akauliza kama amewahi kufungiwa leseni, kisha akamtazama juu ya miwani.

"Umewahi kukataa kumwandikia mtu kitu alichokitaka?"

"Kila wiki."

"Basi utatufaa," alisema, akampa fomu.

Kuijaza fomu haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kozi: Jumamosi sita mfululizo katika makao makuu, mwendo wa saa mbili kwa basi, darasa la watu tisa kutoka vikosi tisa. Aliyefundisha alikuwa hakimu mstaafu, mwanamke mkavu, mfupi, asiyependa maswali ya kujionyesha. Siku ya kwanza aliuliza, "Mteja wako ni nani?"

Darasa zima likajibu, "Wanachama."

"Mmefeli," akasema hakimu. "Mteja wako ni kikosi. Mwanachama ni mwenzako, ni rafiki yako, pengine ni ndugu yako. Lakini siku akija na jambo linaloweza kumgonganisha na kikosi, sentensi ya kwanza kinywani mwako ni hii: mimi ni wakili wa kikosi, mimi si wakili wako. Mwambie kabla hujamwambia karibu kiti. Akishaanza kusema, umechelewa, maana ameamini unamsikiliza kama wakili wake, na wewe umebeba kaa la moto kwa mikono miwili. Huwezi kulitupa, huwezi kulishika."

Nukta alipiga mstari chini ya sentensi ile, mara mbili, kwa rula.

Jumamosi zile sita ziligongana na kliniki ya mama mkwe, ambaye sukari ilikuwa imemwingia miguuni. Mumewe Nukta, mwalimu wa hisabati, alifundisha masomo ya ziada siku hizo. Shemeji akasema, "Nenda shule, shemeji. Mama nitampeleka mimi." Hata kozi ilipokwisha aliendelea kumpeleka, kwa sababu mama mwenyewe alishazoea, na kwa sababu Nukta, kusema kweli, hakumwambia aache.

Aliapishwa siku ya Alhamisi uani, mkono wa kulia juu, katika sare iliyomzidi mabega. Mama mkwe alipomwona anarudi nayo nyumbani alimpima kwa macho toka juu hadi chini.

"Umekuwa polisi uzeeni?"

"Afisa sheria, mama. Wa kujitolea."

"Kujitolea," alisema mama mkwe. "Haya. Polisi wa bure."

Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu kuliko alivyotazamia. Aliandika fomu za ridhaa za wazazi. Alipitia mkataba wa stoo. Alimtuliza mzee mmoja aliyelalamika kwamba waokoaji walivunja geti lake kumtoa mpangaji kwenye moto, akataka kujua kwa nini hawakubisha hodi. Na wanachama, kama ilivyo kawaida ya watu wakipata wakili wa bure, walimletea kila kitu: kinyozi na ugomvi wake wa mpaka, muuguzi na mirathi ya babu yake. Kila mara alisema sentensi ya hakimu, nao wakacheka, wakaketi, yakaisha. Sentensi ikawa mzaha wa kikosi. Akiingia tu uani, kinyozi alimpokea nayo: "Karibu, wewe usiye wakili wetu."

Kisha ikaja Jumamosi ya mnara.

Kikosi kilikuwa na mnara wa mazoezi, ghorofa tatu za zege zisizo na madirisha. Asubuhi ile walikuwa wanajifunza kumshusha majeruhi akiwa amefungwa kwenye machela. Majeruhi wao siku zote alikuwa mwalimu mmoja wa chekechea, kwa sababu alikuwa mwepesi na hakuogopa. Alikuwa akishushwa huku anawaimbia nyimbo za watoto. Walipomfikisha katikati ya ghorofa ya pili, kamba ikakatika. Si kapi, si fundo, si mkono wa mtu. Kamba. Aliangukia ukingo wa godoro, nusu ndani nusu nje. Nyonga ikavunjika, na mguu wa kushoto mahali pawili.

Nukta hakuwepo. Alipigiwa simu akiwa sokoni, na kilo ya vitunguu mkononi, na alipofika hospitali alimkuta shemeji yake amekaa chini kwenye korido, mgongo ukutani, mikono yake mirefu imelala sakafuni pembeni yake kama vitu vya mtu mwingine.

Kazi yake ilianza Jumatatu. Aliifanya kama alivyofundishwa. Kamba iliyokatika aliitia kwenye gunia, akalifunga, akaliwekea lakiri mbele ya mashahidi wawili. Alichukua maelezo ya waliokuwepo. Mwisho akalichukua daftari la stoo. Kila mwezi, kwa mwandiko wa shemeji yake, palikuwa na mstari mmoja: kamba zote zimekaguliwa, ziko salama, na sahihi. Alipofika miezi mitatu ya mwisho, jicho lake lililokwisha kusoma hati maelfu lilisimama. Mistari ile mitatu ilikuwa na wino mmoja, mlalo mmoja, mkandamizo mmoja wa kalamu. Mtu hukaa siku tofauti akiwa na haraka tofauti. Mistari hii ilikaa siku moja.

Alilifunga daftari, akalitia kwenye bahasha, akaiwekea lakiri nayo. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba yeye si mtaalamu wa miandiko, jambo ambalo lilikuwa kweli, na ambalo halikumsaidia kulala.

Jumapili ya pili baada ya ajali, alasiri, mumewe alikuwa amemtoa mama mkwe kwenda kumtazama jirani aliyejifungua. Nukta alikuwa jikoni peke yake anachambua mchele. Shemeji aliingia kwa mlango wa nyuma kama siku zote, akavuta kigoda, akaketi.

"Shemeji, nina neno."

Na hapa ndipo alipokosea, na hakuacha kulirudia kosa hilo kichwani kwa miezi mingi. Sentensi ya hakimu alikuwa nayo. Alishaisema mara hamsini kwa kinyozi. Lakini mtu aliyeketi mbele yake alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, na ungo ulikuwa mapajani mwa Nukta, na jikoni palikuwa pake. Alisema, "Sema, baba."

"Zile kamba sikuzikagua."

Mikono ya Nukta ilisimama ndani ya ungo.

"Miezi mitatu. Jumamosi za ukaguzi ndizo nilizokuwa nampeleka mama. Foleni ile unatoka saa nane umekufa. Nikasema nitakagua wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Halafu kabla ya mazoezi kamanda akasema anataka kulisaini daftari, nikakaa nikaijaza miezi yote mitatu kwa mpigo. Ile kamba ilikuwa imelala chini ya bomba linalovuja, shemeji. Ningeishika tu kwa mkono ningejua."

"Subiri," alisema Nukta. "Usiseme tena. Nilipaswa kukuambia toka mwanzo. Mimi si wakili wako."

Shemeji alitabasamu kidogo, akidhani ni ule mzaha wa uani. "Najua. Wewe ni shemeji yangu."

"Hujanielewa. Mimi ni wakili wa kikosi, na kikosi na wewe sasa mnaweza kuwa pande mbili. Siwezi kukushauri. Uliyoyasema sitayasema popote, kwa sababu ulinieleza ukiamini nakusikiliza. Ila ukiniuliza ufanye nini, siwezi kukujibu. Tafuta wakili wako mwenyewe. Kesho, usingoje keshokutwa."

"Kwa hiyo mke wa kaka yangu ni wakili, halafu mimi niende kumlilia wakili wa barabarani."

"Ndiyo."

"Na nikija hapa na jambo hili?"

"Usije na jambo hili."

Alichukua kipande cha karatasi, akamwandikia jina la wakili mmoja. Alikuwa bwana yuleyule wa koo kubwa aliyemshinda zamani. Hakumpenda, lakini hakumjua mtu mwingine mjini ambaye angesimama na mteja hata mbingu zianguke. Shemeji alilisoma jina, akaikunja karatasi mara nne, akatoka kwa mlango ule ule bila kuaga. Mchele ulibaki haujachambuliwa. Jioni ile walikula na vijiwe, na hakuna aliyeuliza.

Jumanne kamanda alimwita dukani. Alikuwa na karatasi mbili: taarifa ya makao makuu na fomu ya bima ya matibabu ya majeruhi. Zote zilihitaji sahihi ya afisa sheria.

"Hapa," alisema, akionyesha kwa kidole, "andika kwamba kamba zilikaguliwa kila mwezi."

"Siwezi kuandika hivyo, kamanda."

"Kwa nini?"

"Na kwa nini pia siwezi kusema."

Mfamasia aliivua miwani yake. Hakuwa mjinga. Alimhudumia mteja aliyetaka dawa ya kikohozi, akamweleza vijiko viwili mara tatu kwa siku, kisha akarudi.

"Basi andika 'kwa mujibu wa daftari.' Kwa mujibu wa daftari, kamba zilikaguliwa. Huo si uongo."

Nukta aliufikiria ushauri ule kwa uzito, kwa sababu ulikuwa mzuri. Maneno manne tu yangewaokoa wote: shemeji, kamanda, yeye mwenyewe. Kila nukta mahali pake. Lakini aliiona sentensi yenyewe ilivyo: ya kweli, na imebeba uongo mgongoni.

"Najitoa kwenye shauri hili," alisema. "Makao makuu walete afisa sheria mwingine. Gunia na bahasha viko na lakiri, nitamkabidhi yeye."

"Utaandika sababu gani?"

"Undugu na mtu anayehusika."

"Mama," alisema kamanda kwa sauti yake ya dozi, "ukiandika undugu, ndugu yako kwenye kikosi ni mmoja tu. Umemtaja bila kumtaja."

Hilo alikuwa hajaliona. Alisimama na kalamu mkononi. Akinyamaza na kusaini, amedanganya. Akikataa na kueleza, amemsaliti. Akijitoa kimyakimya, kimya chenyewe kitamnyooshea shemeji kidole. Alitafuta njia ya nne pale kwenye kaunta, kati ya dawa za minyoo na vipimajoto, na haikuwepo. Alichoweza kufanya alikifanya: kwenye barua hakuliandika neno undugu, akaandika tu kwamba ana mgongano wa maslahi. Kufikia Alhamisi kila mtu uani alikuwa amekwisha kuutafsiri.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu. Walimsalimia, wakaongea naye habari za mvua, wakahamia kundi lingine. Kinyozi hakurusha tena mzaha wake. Nusu yao waliona amemtupa ndugu yake, nusu waliona anamficha, na kila upande ulimpa kisogo kwa sababu yake.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Shemeji aliacha kuja. Mumewe, ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kupandisha sauti, aliuliza mara moja, taratibu, kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi.

"Mdogo wangu kafanya nini?"

"Siwezi kukuambia."

"Mimi mumeo."

"Hata wewe."

"Alikuja kwako na shida, ukamfukuza."

"Nilimtuma mahali pa kusaidiwa."

"Wewe unajua sheria," alisema mumewe. "Mimi najua kwamba mimi, kaka yake, sijui lolote na mke wangu anajua yote. Hesabu hiyo mimi hainiingii."

Akaenda kusahihisha mitihani, na kwa wiki kadhaa waliongea mambo ya umeme na gesi tu. Mama mkwe kwa upande wake aliongea, tena sana. Alikuwa akiongea na ukuta, ukuta ulio karibu na Nukta. "Mtoto wangu haji. Kaletewa sheria ndani ya nyumba ya marehemu baba yake." Nukta alimwosha miguu kila jioni kama daktari alivyoagiza, kidole kimoja kimoja, naye mama mkwe akaitoa miguu ioshwe huku ameugeuza uso.

Jumamosi sasa alimpeleka kliniki yeye. Walitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, wakapewa namba arobaini na saba, wakarudi saa tisa. Kwenye benchi lile, katikati ya kikohozi cha watu, aliona waziwazi zile Jumamosi za shemeji zilikokwenda, na ni nani aliyezitumia kujifunza uafisa.

Wiki sita zilipita kabla fundi hajaenda kwa wakili mwenye koo. Alikwenda, hata hivyo, na bwana yule, kinyume na matazamio ya Nukta, hakunguruma. Alimwambia mteja wake kwamba daftari litamuumbua siku yoyote mtu mwenye macho akilifungua, na kwamba ni heri aseme mwenyewe kabla ya kusemewa. Tume ya watu watatu kutoka makao makuu ilikaa katika ukumbi wa mikutano. Nukta aliitwa kama shahidi wa lakiri tu. Akiwa amekaa nje kwenye benchi, shemeji alipita akiwa na wakili wake, amenyoa, amevaa shati la kupigwa pasi.

"Habari, wakili," alisema.

Miaka yote hakuwahi kumwita hivyo. Nukta aliitikia, "Salama."

Shemeji alieleza yote, mwanzo mpaka mwisho, pamoja na bomba linalovuja. Habari za kliniki hakuzitaja. Wakili wake alimsihi azitaje, zingempunguzia. Alikataa, akasema mama yake hatatiwa kwenye mambo hayo. Tume ikamwondoa kikosini. Kamanda alipewa karipio kwa kusaini daftari asilolikagua, akajiuzulu mwezi uliofuata, na tangu hapo kamba hukaguliwa na watu wawili. Matibabu ya mwalimu yalishughulikiwa. Polisi hawakuingizwa, kwa sababu mwalimu mwenyewe hakutaka.

Nukta naye aliandika barua yake. Aliandika kwa hakimu mstaafu, msimamizi wa maafisa sheria wote, akakiri kwamba alimwacha mwanachama ajieleze kabla ya kumwonya. Jibu lilikuwa nusu ukurasa: umefanya vizuri kujitoa, umefanya vibaya kuchelewa, na onyo hili litakaa kwenye jalada lako. Alilifungua jalada, akaliweka onyo mahali pake kwa tarehe. Alifikiri kuirudisha sare. Hakuirudisha, wala hakuweza kumweleza mtu kwa nini.

Miezi minane baada ya ajali, mwalimu wa chekechea alimwita. Alikuwa amerudi kazini kwa mkongojo. Nukta alimkuta darasani, watoto wamekwenda nyumbani, viti vimebaki, vidogo kama vya kuchezea. Akaketi kwenye kimojawapo, magoti yakamfika kifuani.

"Nataka mtu anieleze," alisema mwalimu. "Wote wamekuja na matunda. Ukimtoa mmoja, hakuna aliyekuja na maelezo."

Nukta akamweleza yale yaliyokwisha kusemwa mbele ya tume, kisha yale yaliyokuwa yake: sentensi aliyochelewa kuisema, barua, onyo. Mwalimu alisikiliza huku anapanga penseli za rangi kwenye kopo.

"Shemeji yako alikuja wodini wiki ya pili," alisema baada ya Nukta kumaliza. "Jumamosi. Aliniambia yote kabla hajamwambia mtu yeyote. Nilikuwa nimefungwa chuma toka hapa mpaka hapa, nisingeweza hata kumpiga. Alilia, mimi nikatazama dari. Akaniuliza afanye nini."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia, si una wakili nyumbani? Nenda kwa shemeji yako, yule atajua la kufanya." Aliliweka kopo rafuni. "Mimi ndiye niliyemtuma kwako."

Nje mtu alikuwa anafagia, na ufagio ulisikika ukivuta mchanga.

"Mbele ya tume nilisema sikumbuki lolote," aliendelea mwalimu. "Nilitaka aseme mwenyewe. Alikawia. Kuna siku nilimchukia. Wewe nilikuchukia zaidi, kwa sababu nilidhani alikuja kwako ukamfundisha kunyamaza."

"Sikumfundisha."

"Sasa najua."

Mwalimu hakusema kwamba amemsamehe mtu, na Nukta hakuuliza. Alimsaidia kufunga madirisha ya juu ambayo mkono wenye mkongojo haukuyafikia, wakaagana getini.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja karakana ya shemeji, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu siku ya mchele. Alimkuta amepiga magoti nyuma ya friji kubwa ya duka, bisibisi mdomoni.

"Nimekuja kusema jambo moja," alisema Nukta. "Ulipoingia jikoni kwangu, nilipaswa kukuonya kabla hujafungua mdomo. Sikukuonya. Kosa la kamba ni lako. Lile la jikoni ni langu."

Shemeji aliitoa bisibisi mdomoni. Aliifuta kwa kitambaa, taratibu, upande huu na upande huu, akionekana kulipima neno alilopewa kama kifaa ambacho hajui kitaingia wapi.

"Sawa," alisema.

Hakumkaribisha kiti. Hakumwambia aondoke pia. Nukta alisimama pale, mkoba begani, akitazama waya zilizomwagika nyuma ya friji, mpaka mteja alipoingia kuuliza kama pasi yake imekwisha kutengenezwa, na fundi akainuka kwenda kuitafuta.